Mistari Iliyonyooka Mno

Mpaka nafasi ya safu yangu gazetini ilipokwisha wiki iliyopita, nilikuwa nimeshaeleza nilivyopoteza kazi, nyumba na mke. Kazi yangu ya ukaguzi wa mizani ilikwenda siku nilipoifungia mizani ya mchinjaji mmoja bila kuuliza kwanza binti yake ameolewa na nani. Nyumba ilikuwa ya kazi, ikafuata. Mke alisema kuishi nami ni kuishi na rula, akarudi kwao na mizigo kumi na minne. Niliihesabu.

Sasa ninaishi chumba cha nyuma kwa kaka yangu. Leo nitaeleza jinsi nilivyompoteza na yeye, ikiwa nimempoteza. Jambo hilo sijalithibitisha.

Kaka ni fundi magari mwenye uzoefu wa miaka thelathini, na mikono yake inatetemeka. Si uzee, maana ana hamsini na sita tu. Ni ugonjwa wenye jina refu na vidonge vya rangi mbili. Gereji aliifunga mwaka juzi. Kilichobaki ni gari moja uani, chini ya bati: dogo, milango miwili, umri miaka thelathini na moja. Injini iliyozaliwa nayo ilikwishatolewa zamani. Kaka aliweka kubwa zaidi, akaipachika turbo ya kuizidishia nguvu, akang'oa kiti cha nyuma, akalishusha gari mpaka paka akitaka kupita chini yake anainama.

Mara moja kwa mwaka uwanja wa mbio hufungulia watu wa kawaida. Unakwenda na gari lako, linakaguliwa, unazunguka mpaka matairi yalie. Kaka hajawahi kulipeleka. Mwanzoni lilikuwa halijakamilika, kisha wateja walikuwa wengi, kisha ikaja mikono. Mwaka huu daktari alimwambia wazi kwamba mwakani hata kikombe cha chai atakishika kwa kubahatisha. Kuendesha alishamkataza.

Basi ikapangwa hivi: mimi nitaendesha, yeye atakaa kando yangu na helmeti kichwani, asikilize injini yake ikivutwa mpaka mwisho. Mara moja tu.

"Nakuomba kitu kimoja," akaniambia. "Usukani wako. Lakini kila nati na kila boliti ya gari hili naikaza mimi. Usilisogelee na spana. Niapie."

Nikaapa.

Siku ile ile mke wake aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Shemeji, wewe ni mtu wa vipimo. Yule anakosa kitasa cha mlango mchana kweupe. Mtapanda watu wawili kwenye kitu alichokikaza yeye?"

"Ana uzoefu."

"Uzoefu uko kichwani. Boliti inakazwa na mkono. Niapie utapita nyuma yake, moja moja, au hilo gari halitoki hapa. Nitalilalia mbele."

Nikaapa.

Watu wawili wanalala kitanda kimoja, nami nikawapa viapo viwili visivyoweza kulala pamoja. Huo ndio mwanzo wa kosa, na ni wangu peke yangu.

Kazi ilianza Jumatatu. Asubuhi kaka humeza vidonge, na kuanzia saa mbili mpaka saa tano mwili wake humtii kiasi. Tulibadilisha mafuta ya injini. Tulifunga betri kwa mkanda wa chuma. Tulitoa vyote vilivyolegea ndani: kopo, miwani, kiatu kimoja cha mtoto ambaye sasa ana ndevu.

Kisha tukatoa hewa kwenye breki, kazi isiyofanyika bila watu wawili: mmoja anakanyaga, mwingine yuko chini anafungua na kufunga skrubu ya kutolea hewa. Yeye alikuwa chini.

"Kanyaga!"

Nikakanyaga.

"Shikilia... shikilia... Bwana Mizani, nimesema shikilia, umeinua mguu!"

"Sikuinua. Pedali imeshuka yenyewe kwa sentimita mbili."

"Pedali inashuka kwa sababu nimefungua! Lo! Miaka yote uliyosoma, hukufundishwa kukanyaga?"

Alikuwa anacheka. Shemeji alichungulia dirishani, naye akacheka. Nataja hilo kwa sababu lilikuwa la mwisho la aina hiyo.

Sasa nieleze utaratibu wake, maana kila kitu kinaning'inia hapo. Kaka akimaliza kukaza boliti huchora mstari wa rangi, kuanzia kichwa cha boliti mpaka kwenye chuma kinachoishikilia. Boliti ikijifungua hata kidogo, mstari unakatika, na unaona kwa jicho bila kushika spana. Rangi aliyotumia ni ya kucha, ya njano, ambayo shemeji aliinunua kwa ajili ya harusi moja na kuichukia kabla ya harusi kwisha.

Mistari ya kaka ilikuwa na meno madogo madogo kama msumeno. Mkono ndio uliokuwa unaiandika hivyo.

Jumanne alifunga pedi mpya za breki za mbele, akakaza boliti nne kubwa zinazoshikilia breki zenyewe, mbili kila upande. Akachora mistari yake minne. Baada ya chakula cha mchana akalala, kama alivyoagizwa na daktari.

Nilienda kwenye kabati la gereji ya zamani, nikachukua spana ya kipimo. Ni ile ndefu, unaipangia nguvu unayotaka, na boliti ikifikia nguvu hiyo inalia "tak". Ilikuwa imefungwa ndani ya kitambaa safi, inang'aa. Niliipenda papo hapo. Shemeji akanipa chupa ya dawa ya kufutia rangi ya kucha bila kuuliza naanzia boliti zipi.

Kitabu cha gari kinasema boliti za breki zikazwe kwa nyutoni-mita mia moja, yaani mia moja kwenye spana. Niliongeza kumi, kwa kuwa uwanjani breki hufanya kazi zaidi. Nikavuta. Boliti ilizunguka kabla spana haijalia. Kwa hiyo, nikasema moyoni, haikukazwa vya kutosha. Ya pili vilevile.

Ya tatu, upande wa kulia wa gari, ilifanya jambo jingine. Ilianza kukaza vizuri, kisha ikalainika mkononi mwangu kama peremende iliyosahaulika juani. Nikasita. Spana ilikuwa haijalia. Hisia si kipimo. Nikaendelea mpaka ikalia. Sikuliandika, kwani daftari langu halina safu ya hisia.

Boliti zote nne zilisogea, kwa hiyo mistari yote minne ilikatika. Nikaifuta kwa dawa ya shemeji, nikachora mipya. Hapo nilikuwa mwangalifu. Nilishika brashi kwa mkono wa kushoto, ambao hata mswaki siwezi kuushika nao, ukatoka mstari wa kutetemeka. Nikarudi nyuma kuutazama. Meno yalikuwepo. Niliona fahari, na nalisema hilo hapa ili nisijisafishe kwa kulinyamazia.

Alhamisi kaka alirudisha magurudumu, akakaza nati kumi na sita na kuchora mistari kumi na sita. Akaenda kulala. Nikatoka na spana yangu.

Kitabu kinasema nati za magurudumu ni mia na kumi. Nilikuwa na hakika ziko chini ya hapo, kama zile za breki. Safari hii nilitaka kujua ziko chini kiasi gani, basi kabla ya kukaza kila moja nilianza chini na kupanda. Kwenye themanini spana ililia bila nati kusogea; nilipopita hapo tu, nati ikasogea. Nikaandika: themanini. Ya pili, themanini. Ya tatu, themanini. Mpaka ya kumi na sita.

Mkaguzi mwenye akili zake angesimama hapo. Angejiuliza mikono inayotetemeka inawezaje kukosea kiasi kile kile mara kumi na sita mfululizo. Mimi, niliyekagua mizani za watu kwa miaka kumi na tisa, nilifurahi tu kwamba tarakimu zimejipanga vizuri.

Nikakaza zote mpaka mia na kumi. Nikafuta mistari. Halafu nikamsikia kaka akikohoa ndani, nikaharakisha, nikachora mipya kwa mkono wa kulia.

Ijumaa, saa tisa alasiri, nilikuwa naleta maji ya kuoshea kioo. Kaka alikuwa ameshaamka. Amekaa kwenye kigoda mbele ya gurudumu la kushoto, viwiko juu ya magoti.

"Bwana Mizani, njoo."

"Naam, kaka."

"Huu mstari nani kauchora?"

"Si wewe?"

"Mimi?"

Akaniinulia mkono wake mbele ya uso wangu. Vidole vilikuwa vikifanya vile vifanyavyo.

"Mkono huu? Mkono huu ndio uliochora kitu hiki? Utazame vizuri, wewe si mkaguzi? Huo mstari umenyooka mno. Mwaka wa pili huu sijachora mstari ulionyooka. Saini yangu mwenyewe naikana nikiiona."

Nilitua ndoo ya maji. Kaka akaenda kwenye gurudumu la pili, la tatu, la nne, akihama kila mara na kigoda chake. Akakaa pale pale alipoanzia.

"Kumi na sita," akasema. "Hukubakisha hata mmoja."

"Ni mimi niliyemtuma."

Shemeji alikuwa mlangoni, mikono imejaa povu la sabuni.

"Wewe?"

"Mimi. Nilimwapisha. Ulitaka nikae kimya niwazike wawili?"

Kaka akamtazama mke wake, kisha mimi, kisha akatikisa kichwa taratibu.

"Kumbe humu ndani kuna kamati," akasema. "Na mgonjwa hakualikwa."

Nilifanya nililojua kufanya. Nilitoa daftari.

"Zilikuwa themanini, kaka. Zote. Kitabu kinasema mia na kumi. Sikukudharau. Nilipima."

"Ulipima kwa spana ipi?"

"Ile yako. Ya kabatini."

Akacheka. Nimesikia vicheko vingi vibaya maishani, kimojawapo cha mchinjaji yule, lakini hicho kiliviacha mbali.

"Umewahi kuniona naitumia?"

"Hapana."

"Miaka yote uliyokuwa unakuja gereji, ukila ndizi zangu na kukaa juu ya matairi yangu. Uliwahi?"

"Hapana, kaka."

"Ukajiuliza kwa nini fundi ana spana nzuri vile na haiguswi?"

Sikujiuliza. Niliona kitambaa safi, nikadhani ni heshima.

"Lete kamba," akasema. "Lete dumu la maji la lita ishirini. Na ile futi yako unayolala nayo. Wewe ndiye mkaguzi. Ikague."

Tulibana kichwa cha spana kwenye jiliwa ya meza ya kazi, mpini ukalala sawasawa na ardhi. Nilipanga mia moja. Nikapima nusu mita kamili kutoka kichwani, nikafunga kamba hapo na kutundika dumu lililojaa. Maji kilo ishirini, dumu lenyewe kilo moja. Kwenye nusu mita hiyo ni mia na tatu. Spana ilipaswa kulia.

Ikakaa kimya kama shahidi aliyehongwa.

"Ongeza," kaka akasema.

Shemeji alileta dumu dogo bila kuambiwa. Nikalitundika kando ya lile kubwa, nikamimina lita moja. Kimya. Ya pili. Ya tatu. Ya nne. Mkono wangu ulikuwa umeanza kumwaga maji nje. Ya tano.

Ya sita, tak.

"Soma," kaka akasema. "Soma kwa sauti, mama watoto asikie."

"Mia na thelathini na mbili."

"Na imeandikwa?"

"Mia moja."

"Grisi ya ndani imekauka. Nilijua mwaka wa sita huu. Nilisema nitaitengeneza, kisha nikaona mkono wangu haunidanganyi, nikaifunga kitambaa. Sasa piga hesabu yako, Bwana Mizani. Themanini yangu ilikuwa ngapi?"

Nilipiga. Ilikuwa mia na tano na ushee, ndani kabisa ya kiasi kinachoruhusiwa. Kaka alikuwa sahihi kwenye nati kumi na sita kati ya kumi na sita, na ile mia na kumi yangu ilikuwa mia na arobaini na tano.

"Lakini mikono..." shemeji akaanza.

"Mikono inacheza ikiwa mitupu!" Kaka alipaza sauti kwa mara ya kwanza. "Inacheza na kijiko, inacheza na brashi. Ikishika kitu kizito ikavuta, inatulia. Unalala ubavuni mwangu mwaka wa ishirini na saba na hukulijua hilo? Na wewe, mpimaji wa dunia nzima, ulinitazama wiki nzima nikivuta spana. Mkono ulitetemeka?"

Nilirudisha kumbukumbu nyuma, Jumatatu, Jumanne, Alhamisi. Haukutetemeka. Nilikuwa nimeutazama na sikuuona, kwa sababu daftari lilikuwa limeshasema.

Shemeji alijifuta povu kwenye kanga, akaingia ndani. Hatukusikia tena vyombo.

Kaka alipunguza sauti. Hasira ilikuwa imemtoka. Kilichobaki usoni kilikuwa kibaya zaidi, kwa sababu kilikuwa kinaomba.

"Na zile za breki?" akauliza. "Uligusa na zile?"

Nataka msomaji ajue nilikuwa na muda. Halikuwa neno lililoponyoka. Nilivuta pumzi mbili. Nilikumbuka boliti ya tatu ilivyolainika, na sasa nilijua maana yake: chuma kilikuwa kimevutwa kupita uwezo wake, na chuma kikishavutwa hivyo hakirudi. Ukikitazama ni kizima. Siku moja utakanyaga breki kwa nguvu, kikatike.

"Sikuzigusa," nikasema.

Alichukua tochi ndogo, akapiga magoti, akachungulia nyuma ya gurudumu. Kisha akaingiza mkono, nikaona kidole chake kikipita juu ya mstari wa njano, meno kwa meno.

"Huu wangu," akasema. "Angalau huu ni wangu."

Ulikuwa wa mkono wangu wa kushoto.

Alasiri yote iliyobaki alilegeza nati zote za magurudumu na kuzikaza upya peke yake. Dawa za asubuhi zilikuwa zimeshaisha mwilini, na brashi ilimwangukia mara tatu. Hakuniita niiokote. Nilisimama pale nikiwa na daftari, kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji akakuta nyumba ina msiba.

Kwa nini nilisema sikuzigusa? Niliandika sababu kadhaa, nikazifuta. Nilitaka abaki na kitu kimoja ambacho hakijachafuliwa. Hiyo ni kweli nusu. Niliona haya, hiyo ni nusu ya pili. Nilijiambia kwamba asubuhi nitakwenda mapema kununua boliti nne mpya, nirudi nazo mkononi, ndipo nimwambie. Nilifundishwa kazini kwamba kasoro hupelekwa kwa mkubwa pamoja na dawa yake. Tulikuwa tumepanga kuondoka saa tatu u nusu. Muda ulitosha.

Jumamosi saa moja kamili nilikuwa barabarani. Duka la kwanza lilikuwa na boliti za urefu ule, lakini si za ugumu ule. La pili lilifungua saa mbili na robo.

"Hizi ndizo zenyewe?" nikamuuliza muuzaji.

"Ndizo."

"Una uhakika? Namba ya ugumu iko kichwani, naomba nizione zote nne."

"Mzee, ni boliti, si mchumba."

Nilizikagua zote nne. Hazikuwa na kasoro. Nikarudi nyumbani saa tatu kasorobo, robo tatu ya saa kabla ya muda.

Chini ya bati palikuwa na kigoda, tochi, na alama ya mafuta yenye ukubwa wa sahani.

Shemeji alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango. Simu ya kaka, aliyoiacha, ilikuwa mapajani mwake.

"Yuko wapi?"

"Ameondoka. Saa moja na dakika chache, wewe umekunja kona tu. Nadhani alikuwa anakusubiri utoke."

"Anaendesha mwenyewe?"

"Mwenyewe. Amemeza vidonge, amevaa helmeti tangu hapa uani kama mtoto. Nilisimama mbele ya gari, shemeji. Nilisema nitalilalia mbele, nikalisimamia. Akazima injini, akashuka, akanishika mabega. Unajua aliniambia nini?"

Sikutaka kujua.

"Aliniambia, 'Usihofu, mama watoto. Injini hiyo naijua. Magurudumu nimeyarudia jana mwenyewe. Na breki ndizo ninazoziamini kuliko vyote, maana ni kazi yangu tupu, haijaguswa na mtu.' Mikono yake ilikuwa imetulia. Nikampisha."

Alinitazama.

"Mbona umebadilika rangi? Hukumwambia jana hukuzigusa? Nilikusikia dirishani."

Mfukoni mwangu boliti ziligongana.

Namba ya uwanja ilikuwa kwenye fomu ya usajili, ndani ya daftari langu, ukurasa wa kwanza. Nikapiga. Iliita mara saba. Akapokea mwanamke, na nyuma yake palikuwa na ngurumo ya magari.

"Mkaguzi hapa."

"Namtafuta mzee mmoja. Gari dogo la milango miwili, la zamani, limeshushwa..."

"Lenye mistari ya njano!" Sauti yake ilijaa furaha. "Nimelikagua mwenyewe sasa hivi, bwana. Laiti wote wangekuja hivyo. Kila boliti ina alama yake, hakuna hata moja iliyosogea. Nimewaita vijana wangu waje kuona kazi inavyofanywa."

"Za breki ulizitazama?"

"Nilianza nazo. Safi kabisa. Mikono ya mzee inatetemeka kidogo, inaonekana kwenye rangi, lakini kazi ni ya mtu anayejua."

"Yuko wapi sasa?"

"Kwenye foleni ya kuingia. Mbele yake magari mawili... sasa moja. Una ujumbe?"

Shemeji alikuwa ameinuka. Alisimama karibu yangu mno, macho yake kwenye midomo yangu. Aliniapisha kwa ajili ya usalama wa mtu mmoja, na kila nilichofanya kwa kiapo hicho kilikuwa sasa kimefungwa kwenye gari la mtu huyo kwa boliti nne.

Sikuwa na nafasi ya kueleza spana wala grisi wala mia na arobaini na tano. Kwa gari moja lililobaki mbele yake, nilikuwa na sentensi moja tu ambayo kaka angeielewa papo hapo na kuzima injini. Ilikuwa pia sentensi ambayo hataisahau maisha yake yote.

"Mwambie mistari ya breki niliichora mimi," nikasema. "Kwa mkono wa kushoto."

Shemeji alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyeungua.

"Sijakuelewa, bwana," mkaguzi akasema.

"Usielewe. Mwambie hivyo hivyo, neno kwa neno. Kimbia."

Hakukata simu. Nilisikia viatu vyake kwenye changarawe, vya mtu anayekimbia kwelikweli. Nikasikia filimbi yake. Na juu ya filimbi nikaisikia injini ninayoweza kuitambua kati ya mia: ilikuwa gia ya kwanza, kisha, bila haraka, kama alivyonifundisha mwenyewe, ya pili.

Filimbi ikalia tena. Safari hii ilikuwa hafifu, ya mtu aliyeishiwa pumzi; viatu vilikuwa vimesimama, na injini ilikuwa inazidi kwenda mbali.

"Shemeji," mke wa kaka akasema. "Shemeji, amesimama? Niambie. Amesimama?"

Niliingiza mkono mfukoni, nikazihesabu boliti mpya. Zilikuwa nne.